Hakuna Kitu Nyuma ya Maktaba

Mtu akifiwa, watu humtazama machoni waone kama amelia. Bi Mswaki walimtazama mpaka wakachoka. Hakulia mumewe alipokata roho hospitalini, hakulia makaburini, hakulia hata wageni wa msiba walipoondoka na nyumba ikabaki na viti vya kuazima vikimsubiri mwenyewe aje avichukue. Wenye ndimi kali walisema ana moyo wa jiwe. Wenye huruma walisema bado hajaamini. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko maneno yao: moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama ufizi uliochomwa sindano na daktari wa meno. Unajua jino linang'olewa, unaona hata koleo, lakini husikii kitu.

Jina la Bi Mswaki alilipata kazini. Alikuwa mwanaakiolojia, mtu wa kuchimba ardhi kutafuta mabaki ya watu wa kale, na vigae na mifupa alivisafisha kwa miswaki mizee aliyoiomba kwa majirani. Tena alikuwa na mazoea mengine yaliyolikazia jina. Wachimbaji wa mambo ya kale wana desturi yao: kabla ya kulifukia shimo, huacha chini kabisa kitu kidogo cha siku zao, ili atakayekuja kuchimba baadaye ajue kwamba mwenzake alishafika, asijipe matumaini ya bure. Wengi huacha sarafu. Yeye aliacha mswaki.

Sasa ilikuwa zamu ya maktaba ya mji. Walitaka kuongeza chumba cha kusomea watoto upande wa nyuma, penye uwanja wa vumbi, bomba linalovuja, na baiskeli ya mlinzi ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikitembea. Sheria ilikuwa moja, na wajenzi hawakuipenda: mahali pa zamani, wachimbaji wa mambo ya kale huingia kwanza, wakaangalia, ndipo zege limwagwe. Mkuu wake wa kazi alimwuliza kwa sauti ya upole kama yuko tayari kurudi. Alisema yuko tayari. Kukaa nyumbani na kukaa shimoni kwake vilikuwa sawa, ila shimoni hakuna anayekupa pole kila ukiinua kichwa.

Nyumbani kulikuwa na wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa marehemu, fundi cherehani, na alihamia kwa kaka yake ndoa yake ilipovunjika. Aliiweka cherehani barazani, na kuanzia hapo nyumba ile haikukaa kimya tena. Mlio wa cherehani asubuhi, mlio wa cherehani jioni, wateja wanaingia kupimwa mabega, wanatoka na umbea mpya. Waliishi vizuri, wifi na wifi, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka waone. Kisha vijiko vikaanza kupotea.

Vilikuwa vijiko vya chai, nusu dazeni, vyenye ua dogo limechorwa kwenye mpini. Mama yake Bi Mswaki alimpa siku ya harusi, akamwambia avitunze, na huyo mama hakukaa sana akafa. Kikapotea cha kwanza. Mumewe akasema labda kimetupwa na maganda ya viazi. Kikapotea cha pili, na maganda yakakataa kubeba lawama. Akamwuliza wifi, wifi akasema hajui. Kilipopotea cha tatu akamwuliza tena, na safari hii wifi hakusema hajui, aliinamisha macho tu akaendelea kupiga pindo. Basi Bi Mswaki akapata jibu lake. Nani mwingine? Nyumba ina watu watatu na baraza lina wateja wanaotoka na kuingia. Kikulacho ki nguoni mwako. Akanunua kufuli dogo la kabati, akalifunga mbele ya macho ya wifi, na vijiko vikaendelea kupotea vilevile mpaka kikabaki kimoja. Maneno ndani ya nyumba yakapungua yakawa ya chumvi na sabuni tu. Mumewe alikuwa akikaa katikati yao mezani, anakoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Kisha mumewe akaugua, akafa, watu wakajaa nyumbani. Chai ikapikwa kwa sufuria kubwa, na kijiko kimoja kikawa kinapita mkono kwa mkono kama ugoro. Shangazi wa marehemu, mzee ambaye masikio yake yalishachoka lakini sauti yake bado, akauliza kwa nguvu inakuwaje nyumba ya watu wawili waliosoma haina vijiko. Bi Mswaki akajibu bila hasira, kwa sauti bapa kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Vijiko muulizeni wifi. Yeye ndiye ajuaye vilikokwenda."

Chumba kizima kilisikia. Wifi alikuwa amesimama na sinia. Aliliweka chini, akaligeuza vikombe vyake vikae sawa, akaendelea kugawa chai. Wageni walipoisha, Bi Mswaki akamwambia kwamba aliyemleta pale hayupo tena, kwa hiyo atafute pa kwenda. Alisema kama mtu anayesema maziwa yamekwisha. Wifi akajibu, "Sawa." Angeondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi, aende kwa kaka yao mkubwa. Na baada ya Jumamosi, katika nyumba ile asingebaki mtu hata mmoja wa kumwita Bi Mswaki wifi, wala mke wangu, wala chochote. Alilijua hilo. Alilitazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha kwa jirani.

Basi akaenda kuchimba.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Walipiga vigingi, wakafunga kamba, wakakwangua udongo wa juu, yeye na vibarua wawili wenye chekeche la kuchujia udongo. Msimamizi wa wajenzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwatazama. Wenzake walimwita Bwana Kesho, kwa sababu mtu akimwomba kitu, jibu lake ni hilohilo. Sasa kwa mara ya kwanza maishani alitaka kitu leo. Katapila lake lilikuwa limeegeshwa langoni, na kila akilitazama alikuwa akiguna kama mtu mwenye ng'ombe asiyekamuliwa. Mkutubi naye alitoka mara kwa mara kuchungulia. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kunong'ona kazini, na hata nje uwanjani, penye sururu na mabeleshi, aliuliza maswali yake kwa kunong'ona, na vibarua wakajikuta wanamjibu kwa kunong'ona pia.

Siku chache hazikuleta kitu. Mkaa kidogo, vigae vya vyungu, gololi ya mtoto. Kisha Jumatano, Bi Mswaki akiwa amepiga magoti anakwangua kwa mwiko, udongo ukabadilika mbele yake. Palitokea umbo la pembe nne, jeusi ndani ya udongo mwekundu, kingo zimenyooka, urefu wake kama wa mtu aliyelala. Akaligonga kwa mpini wa mwiko. Lilikuwa laini.

Kila mtu alifikiri kaburi, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Bi Mswaki alifikiri kaburi, au ghala la chini la nyumba ya zamani, maana ndani ya udongo ule mweusi mlikuwa na vigae vingi, tena vya zamani sana, vyenye nakshi za mistari ambazo hajaziona katika mji ule. Akamwita mkandarasi mwenyewe, akamwambia mbele ya mkutubi na Bwana Kesho kwamba hapa pana kitu, pengine kikubwa, na katapila lisiingie. Mkandarasi akauliza ana hakika. Akasema ana hakika. Mkandarasi akampa mpaka Ijumaa alasiri, akaondoka anapapasa kichwa. Mkutubi akanong'ona kwamba kama ni kitu cha maana, wangekiweka kwenye kabati la vioo pale mlangoni, na watoto wangekuja kukiona kabla ya kusoma.

Hapo ndipo kosa la Bi Mswaki lilipokuwa, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Ardhi ina utaratibu wake: kilichoingia mwanzo kiko chini, kilichoingia mwisho kiko juu, na mchimbaji hukitoa cha mwisho kwanza. Ndani ya umbo lile utaratibu huo haukuwapo. Vigae vya kale vilikuwa juu, vya juzijuzi viko chini, mchanganyiko mtupu, kama udongo uliotolewa wote ukarudishwa kwa beleshi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesimama akauliza maswali. Alhamisi akakuta kipande cha nailoni ya buluu karibu na chini kabisa, akakitazama, akasema ni panya. Panya wamesingiziwa mengi katika kazi ile. Kila kisichotakiwa kuwa mahali kilipo, ni panya kakipeleka. Siku nyingine, akiwa mzima, asingemsingizia panya. Lakini alikuwa anachimba kama anavyokula siku zile, mkono unakwenda na kurudi na mwenyewe hayupo.

Ijumaa mchana alikuwa ndani ya shimo peke yake, kichwa tu kinaonekana juu. Udongo mweusi ukaisha. Chini yake ulikuwa mwekundu mgumu ambao hakuna mkono uliowahi kuugusa. Hakukuwa na mifupa wala sakafu. Katikati kabisa, kimelazwa vizuri kama mtu aliyeandaa meza, palikuwa na kijiko cha chai.

Akakipiga mswaki mahali kilipo, bila kukiinua, kama anavyofanya kwa kila kitu. Ulitoka udongo, ikatoka kutu kidogo, likatoka ua kwenye mpini.

Alikaa kitako. Hakushtuka, mshtuko nao unataka mtu aliyemo ndani. Alichofanya ni kukumbuka. Mumewe alikuwa wa kazi hiyohiyo. Ofisi haikuwapanga pamoja hata siku moja, maana mkuu alisema mke na mume wakiwa shimo moja watavunja vyungu vilivyonusurika miaka mia tano. Bi Mswaki alipelekwa kwenye machimbo makubwa ya mbali. Mumewe alitumwa mji baada ya mji kupiga mashimo ya kujaribia, siku mbili hapa, siku tatu pale, kabla ya posta kujengwa, kabla ya soko, kabla ya shule. Zamani Bi Mswaki alimwuliza mumewe yeye huacha nini chini. Mumewe akacheka. "Mimi naacha salamu za nyumbani," alisema, na yeye hakuuliza zaidi.

Akakumbuka na jioni moja, yeye mwenyewe amerudi safari ndefu, hajavua hata viatu, amefungua droo ya kabati anaangalia vijiko. Mumewe alikuwa mezani anamsimulia. Nimechungulia nyuma ya maktaba, alisema, wanataka kujenga. Hakuna kitu. Na yeye, mgongo kampa, akamjibu, "Nakuuliza vijiko, unaniambia maktaba?" Mpango wa kujenga ukalala. Ofisi ikahama, makabrasha mengi yakalowa mvua. Lakini yeye alikuwa ameambiwa kwa mdomo, mezani kwake, na mtu aliyekwenda na kurudi. Hakusikia kwa sababu alikuwa na hasira na wifi.

Bwana Kesho alichungulia kutoka juu, nyuma yake mkandarasi, nyuma ya mkandarasi mkutubi ananyoosha shingo. Wakauliza amepata nini. Angeweza kukitia mfukoni. Angesema shimo tupu, bahati mbaya, endeleeni, na hakuna mtu duniani angejua kwamba mwanaakiolojia mzima amesimamisha ujenzi kwa ajili ya shimo la mwanaakiolojia mwenzake. Kijiko kilikuwa mkononi tayari, na mfuko ulikuwa pale.

"Ni shimo la mume wangu," akasema. "Alishachimba hapa zamani. Hakuna kitu."

Bwana Kesho akaangua kicheko, akasema kumbe siku zote hizi walikuwa wanamchimba marehemu, kisha akasikia alichokisema, akavua kofia na kuanza kuikung'uta vumbi lisilokuwapo. Mkandarasi hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba katapila litaingia Jumatatu. Mkutubi akainama mpaka magoti yakagusa udongo, akanong'ona:

"Na hicho? Ni cha zamani sana?"

"Ni cha jikoni kwangu."

Alitoa mswaki mfuko wa nyuma, akaulaza palepale kijiko kilipolala. Kisha akaomba mkono, wakamvuta juu, naye akaenda nyumbani bila kunawa.

Wifi alikuwa barazani, anaivika cherehani shuka kuukuu na kuifunga kamba. Begi lake lilikuwa mlangoni. Bi Mswaki akaweka kijiko juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wifi akakitazama, na wala hakuuliza hiki nini.

"Umekipata wapi?" akauliza.

"Nyuma ya maktaba. Ulikuwa unajua?"

Wifi akakaa. Alieleza polepole, mikono bado imeshika kamba. Cha tatu ndicho alichomwona nacho kaka yake, alfajiri ya safari, anakitia mfukoni mwa shati kama mtoto anayeiba sukari. Akambana, naye akasema. Alisema kila anapokwenda anaacha kitu cha mezani kwao, ili atakayechimba huko mbele akute kwamba aliyepita hapo alikuwa na kwao. Sarafu, alisema, haina mwenyewe. Alikusudia kumwambia mkewe, ila vilikuwa vya mama mkwe, akaona atasubiri siku njema. Kisha ukaja ugomvi, na siku njema ikawa inasogea mbele kila akiifuata. Wifi akamwambia mara nyingi aseme. Naye kila mara aliapa kwamba wiki hii atasema.

"Kaka yangu alikuwa mwoga wa maneno," wifi akasema. "Unamjua."

"Na wewe? Siku ile, watu wote wale, kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesemaje, wifi? Amelala chumbani kafunikwa shuka, mimi nisimame na sinia nimwite mwizi?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imenyamaza mpaka ikapasuka. Bi Mswaki akamwomba radhi. Alilisema neno lote, nisamehe wifi, nimekukosea, na alilisema kwa sauti ileile bapa kwa sababu hakuwa na nyingine. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini jina langu bado liko huko nje. Ulinivua mbele za watu, huwezi kunivika tukiwa wawili barazani."

Akamaliza kufunga kamba. Basi lilikuwa la asubuhi, na hakusema kama atalipanda au hatalipanda. Usiku huo walikula wakiwa wamekaa meza moja.

Kulipokucha tu, Bi Mswaki akajitanda khanga, akachukua kijiko, akatoka. Alianza na nyumba ya mbele, ya mwenye viti vya kuazima. Akabisha hodi, akafunguliwa, akakataa kuingia.

"Siku ya msiba nilisema wifi yangu ndiye ajuaye vijiko vilikokwenda," akasema. "Si kweli. Vijiko alivichukua mume wangu. Hiki hapa kimoja."

Mwenye viti alikuwa bado na usingizi usoni. Alikitazama kijiko, akamtazama mjane, akasema pole, na kama anataka viti tena aseme tu. Akaenda nyumba ya pili, ya muuza mkaa, akasema maneno yaleyale. Muuza mkaa akajibu kwamba hata hakumbuki, ila mkewe akatokea nyuma ya pazia akasema yeye anakumbuka sana. Mwenye duka alikumbuka pia, tena akakiri kwamba tangu siku ile wifi akiingia dukani alikuwa akimfuata kwa macho mpaka atoke. Alisema hayo huku anaona haya. Mwalimu mstaafu alimsikiliza akiwa amesimama wima, kisha akamwambia amefanya vyema, kama anayemrudishia daftari lililosahihishwa. Nyumba moja hawakufungua. Akalisema lile neno kwa mlango, maana ndani alisikia watu wanapumua. Kila mahali alisema kwa namna moja, jicho kavu, kama mtu anayesoma mita za maji. Wifi alikuwa barazani na begi lake, anaona jinsi mtaa unavyofunguka mlango kwa mlango.

Mwisho wa mtaa ndipo alipokaa shangazi wa marehemu, yule aliyeuliza habari za vijiko siku ile. Alikuwa nje anafagia. Bi Mswaki akasema maneno yake. Shangazi akaweka mkono sikioni. Akayasema tena, kwa nguvu zaidi. Haikutosha.

"Nasema wifi hakuiba!" Bi Mswaki akapaza sauti, na mtaa mzima ukasikia. "Vijiko alivichukua mume wangu!"

"Akavipeleka wapi?"

"Alivifukia! Kila alipokwenda alikuwa anafukia kijiko!"

Shangazi akaegemeza ufagio ukutani. Uso wake ukalegea, akaanza kucheka kicheko cha kizee, kisicho na meno wala ubaya. Alisema mtoto yule alikuwa hivyo tangu mdogo. Alimfukia ufunguo wa mlango uani kwake, akaumwagilia maji wiki nzima ili aone kama utaota. Walilala nje ya nyumba yao wenyewe, wote, mpaka baba yake akaja kuvunja kitasa. "Nikamwuliza kwa nini ufunguo, asifukie mahindi kama wenziwe," shangazi akasema. "Akaniambia mahindi yanajulikana."

Bi Mswaki alisimama pale na kijiko mkononi. Akaaga, akarudi alikotoka, na milango aliyoiacha wazi ilikuwa bado wazi, watu wamesimama wanaulizana. Mwenye duka alikuwa ameshavuka barabara, yuko barazani kwa wifi, anamshika mikono yote miwili na kusema naye kwa sauti ya chini.

Mwenye duka alipoondoka, wifi akanyanyua begi. Bi Mswaki hakumwomba abaki. Alijua hana haki ya kuomba, na wifi alijua kwamba anajua.

"Nakwenda kwa kaka," wifi akasema. "Nimechoka. Nataka nikae mahali ambapo sihesabiwi." Akateremka ngazi mbili za baraza, akageuka. "Gauni la yule mteja mnene halijaisha. Akija, mwambie asubiri."

Hapo ndipo Bi Mswaki alipoitazama cherehani. Shuka ilikuwa imetolewa, imekunjwa juu ya kiti. Uzi ulikuwa umetungwa kwenye sindano, na chini ya sindano kitambaa cha gauni kimebanwa, pindo limefika nusu.

Akamtazama wifi mpaka akapinda kona ya duka. Kisha akaingia ndani, akabandika chai. Alikiosha kijiko kwa nyuzi za chuma na majivu mpaka ua likang'aa, akakilaza mezani karibu na mwenzake aliyebaki. Vilikuwa viwili sasa, kimoja kimechakaa kwa kukoroga, kimoja kimechakaa kwa kulala. Akamimina chai, akatia sukari, akaketi upande wake wa meza. Upande wa pili kiti cha mumewe kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo, vile alivyokuwa akikiacha.

Akaanza kukoroga. Akawaza posta ya mji ule wa mbali, na soko, na ile shule ya ghorofa, watu wanapanga foleni, wananunua nyanya, watoto wanaimba meza ya kuzidisha, na chini yao wote, chini ya zege, kijiko cha mama yake kimelala kifudifudi kinawasubiri watu ambao hawajazaliwa. Hasira zikampanda. Zilikuwa hasira za kweli, za moto, za mke kwa mume, zikatokea tumboni zikafika usoni, na alipozisikia akajua ni kitu cha kwanza alichokisikia tangu siku ile hospitalini. Machozi yakaja nyuma yake bila hodi, mengi, yakadondokea ndani ya kikombe, na yeye akaendelea kukoroga.

"Na vile vingine," akakiuliza kiti, "uliviweka wapi?"